Hesabu ya Kintinku

Gari la wagonjwa liliingia uani likitambaa kama mzee aliyetoka kuugua, na Mirika Chibago hakuhitaji kutazama kipimo chake ili ajue kwamba betri ilikuwa inakaribia kukauka. Saa nne ya asubuhi ilikuwa imeshapita, lakini taa za uani zilikuwa zinawaka. Vumbi lilitanda kimya, bila upepo, likishuka juu ya mapaa, juu ya mabega, juu ya kope za watu.

Miaka hiyo jua la Kintinku lilikuwa jua kwa jina tu. Tangu mbuga na mabwawa ya nyanda za kati yalipokauka, udongo wa chini, mweupe na laini kama unga wa muhogo, ulipanda angani ukagoma kushuka. Watu waliuita Wingu. Siku nyingine lilikuwa jepesi, paneli za jua zikapata umeme kidogo. Siku nyingine lilikaa kama mfuniko wa chungu. Ule umeme mdogo uliopatikana uliwekwa katika ghala la mji, safu za betri ndefu kama makabati, na Mirika ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Yeye ndiye aliyechaji magari, akaendesha pampu ya kisima, akahakikisha chumba cha hewa hakizimiki.

Chumba cha hewa ndicho kilichokuwa mzigo mkubwa. Humo walilala watu kumi na mmoja wenye mapafu ya chokaa, ugonjwa ulioletwa na Wingu. Kifua hukauka kidogo kidogo mpaka mtu akikohoa unasikia kama kokoto zinasuguana. Dawa haikuwapo. Kulikuwa na mashine iliyosafisha hewa ya chumba kile, na aliyetoka kwenye hewa ile hakukaa sana duniani.

Mlango wa nyuma wa gari ulifunguliwa, nesi Eseri akashuka akiwa amevimba macho kwa kukosa usingizi.

"Mirika, nina Nyemo humu, mke wa fundi bomba," alisema. "Mtoto amelala kimshazari. Nimejaribu kumgeuza, amekataa. Lazima mama apasuliwe Dodoma. Niambie, tunachaji kwa muda gani?"

Mirika alianza kupiga hesabu kichwani, kama alivyozoea kabla ya kuuliza mashine. Barabara ya Dodoma, kwa mchanga uliojaa na ule mpando wa mwishoni, ingekula uniti sabini. Kichujio cha hewa cha kibini, alikoketi dereva, ambacho siku ya Wingu zito kilifanya kazi bila kupumzika, kingekula ishirini. Jumla tisini. Kwenye betri zimo kumi, kwa hiyo zilipungua themanini. Chaja ilisukuma ishirini kwa saa, lakini katika kila ishirini mbili ziliishia kuwa joto, na zilizoingia kweli zilikuwa kumi na nane. Themanini kwa kumi na nane ni saa nne na nusu hivi. Na betri inapokaribia kujaa hunywa polepole kama mtoto aliyeshiba.

"Sema saa tano," alisema.

"Tano?" Eseri alimshika mkono. "Nikiwa Dodoma alasiri, nitakuwa na mama na labda mtoto. Nikifika jioni nitakuwa nimewasindikiza maiti."

Mirika aligeukia kipaza sauti kilichokuwa ukutani. "Mgawaji, gari la wagonjwa, safari ya Dodoma. Uniti themanini."

Mgawaji hakuwa mtu. Ilikuwa mashine iliyosimamia maghala yote ya barabara ile kutoka Manyoni mpaka Dodoma, ikijua kila betri ina nini na kila mji unahitaji nini. Watu walimtaja kama mtu kwa sababu alikuwa na sauti, sauti ya upole ya mtu wa makamo, isiyopanda wala kushuka.

"Ombi limekataliwa," ilisema sauti. "Kuingiza themanini, ghala litatoa karibu tisini. Ninaweza kuruhusu sitini na saba. Zinazobaki ni za chumba cha hewa mpaka Wingu lipungue, keshokutwa."

Kutoka ndani ya gari Nyemo aliguna, mguno mrefu wa mtu aliyekwisha kuchoka kulia.

Chumba cha hewa kilikula uniti nne kwa saa. Upungufu ule wa uniti ishirini na tatu ulikuwa saa tano na ushee za watu kumi na mmoja kuvuta vumbi. Mirika alimtazama Eseri, na Eseri, ambaye aliwaogesha watu wale kila siku, akatikisa kichwa. "Mzee Malogo hatafika hata saa ya pili," alisema. "Na yule binti wa posta pia."

Mirika alirudia hesabu yake kuanzia juu. Alitafuta pa kupunguza. Barabara haikupungua, mpando haukupungua. Nyuma ya gari, alikolala mgonjwa, palizibwa vizuri na palikuwa na mtungi wa oksijeni usiotaka umeme. Kilichobaki ni kitu kimoja.

"Mgawaji," alisema taratibu, "toa kichujio cha kibini. Hesabu barabara tu."

"Uniti sitini. Saa tatu na dakika ishirini. Ghala litatoa sitini na saba." Sauti ilisita kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Safari ya namna hii haijawahi kufanyika. Ninaruhusu kama jaribio."

Chaja ikabofya, kebo ikaanza kunguruma.

*

Magari ya zamani yalijiendesha yenyewe, lakini Wingu liliyapofusha macho, ikabidi madereva warudi kazini. Kintinku ilikuwa na dereva mmoja tu wa gari la wagonjwa, na dereva huyo, Ndahani, alikuwa mume wa Foibe, mdogo wake Mirika.

Alikuwa amechutama mbele ya gari akipangusa taa kwa shati lake kuukuu. Mirika akachutama kando yake.

"Shemeji, kuna neno."

"Lisemwe. Ila kama ni la tairi la nyuma, nalijua."

"Si tairi. Nimekuondolea kichujio. Ukikiwasha utaishiwa umeme njiani, kabla ya kufika mjini, na Nyemo atakufia barabarani. Usipokiwasha, utafika."

Ndahani aliendelea kupangusa. "Nina barakoa."

"Barakoa inazuia mchanga. Unga haiuzuii. Kwa Wingu la leo, saa mbili au tatu ndani ya kibini…" Alitaka kutafuta neno laini, akalikosa. "Wale wafanyakazi wa reli waliokwama nje mchana mmoja, unajua wako wapi sasa. Wawili wamo katika chumba cha hewa, wengine wamezikwa."

Mkono wa Ndahani ulisimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masihara mengi, aliyependwa na watoto wa mtaa kwa sababu aliwapigia honi. Sasa uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Hizo uniti zilizopungua," alisema hatimaye, "nikipewa mimi, zitatoka wapi?"

"Chumba cha hewa."

"Na hakuna pengine?"

"Nimetafuta, shemeji. Wallahi nimetafuta."

Alitupa shati begani akasimama. Alitazama kebo, akatazama mlango wa nyuma wa gari, akavuta pumzi ndefu, halafu kama aliyekumbuka kitu akaiachia haraka.

"Foibe anajua?"

"Bado."

"Basi asijue mpaka nimeondoka. Namjua mke wangu, atajilaza chini ya magurudumu. Niahidi, Mirika."

Hakuwahi kumwita kwa jina kavu, siku zote alikuwa shemeji. Mirika akaahidi.

Foibe alikuja saa sita akiwa na kapu kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia habari za Nyemo, akaona mumewe ataondoka na njaa. Alitandika kanga kwenye kona ya ghala, akafunua ugali na mlenda, akawaita wote wawili. Ndahani alikula tonge mbili akasema anakwenda kukagua breki.

"Ana nini leo?" Foibe aliuliza. "Hata mwanawe hajambeba."

"Ana mawazo ya safari," Mirika alijibu.

"Gari linachaji mpaka saa ngapi?"

"Saa saba na nusu hivi."

"Siku zote huwa ni zaidi. Mmepata wapi umeme wa haraka hivyo?"

Mirika alichovya tonge, akalipeleka kinywani, akatafuna kwa muda mrefu. Ukutani namba zilipanda moja moja: arobaini na sita, arobaini na saba. Kila uniti iliyoingia garini ilikuwa nafasi ya kusema, na kila moja aliiacha ipite. Foibe alimsimulia habari za mbuzi aliyezaa mapacha, za jirani aliyehamia Singida, za jino la mtoto lililochomoza upande. Mirika alicheka mahali pa kuchekea. Alikula ugali wa mdogo wake mpaka sahani ikawa tupu, maana kusaza kungeulizwa.

Namba ilipogota sabini, chaja ikajizima. Ndahani alimchukua mtoto akamrusha juu mara moja, akamrudisha kwa mama yake, akapanda. Foibe alimpungia mkono. Gari likatoka langoni, na vumbi likalifunika kabla halijafika kwenye reli.

Ndipo Mirika alipomwambia.

Foibe hakupiga kelele. Alisimama na kapu lake tupu akimtazama dada yake kana kwamba anampima urefu.

"Umekaa na mimi mchana wote," alisema. "Umekula chakula changu."

*

Nyemo alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Ndahani alirudi Wingu lilipopungua akiwa anacheka, akadai watu wanatia chumvi, kifua chake ni cha ng'ombe. Alicheka hivyo kwa majuma kadhaa. Kisha akaanza kukohoa, na siku moja Foibe alikuta kwenye mto wake doa jeupe kama chokaa ya ubao.

Wakamwekea kitanda cha kumi na mbili. Foibe aliomba kazi ya usafi katika chumba kile ili awe karibu naye. Kila asubuhi Mirika alipopita kukagua mashine walisalimiana. Habari za asubuhi. Nzuri. Basi. Mji mzima ulimsifu Mirika kwa uamuzi wake, na mume wa Nyemo alimletea kuku wawili, yeye akawapokea, akawafungia bandani na hakuweza kuwachinja.

Kiangazi kikaisha, kikaja kingine. Siku moja likaingia uani lori refu la mizigo lililobeba mbegu za uwele kutoka Tabora. Dereva wake alikuwa msichana wa Kinyamwezi aitwaye Kabula, mwenye kofia ya sufu na miguu mifupi iliyomlazimu akalie mto ili aione barabara.

"Shikamoo mama. Naomba umeme wa kunifikisha Dodoma."

"Marahaba." Mirika alitazama lori, akatazama anga. Wingu lilikuwa zito. Alikwisha jua jibu kichwani: saa nne na ushee. Akachomeka kebo. "Mgawaji, lori la mizigo, safari ya Dodoma."

"Saa mbili na dakika arobaini," ilisema sauti.

Mirika alidhani amekosea yeye. Akarudia hesabu, barabara, uzito, mpando, joto la chaja. Kila alipofika mwisho alipata saa nne na ushee.

"Mgawaji, kichujio cha kibini umekihesabu?"

"Hapana. Kichujio si lazima kwa safari kufika."

"Nani amesema?"

"Safari ya gari la wagonjwa la Kintinku ilifika bila kichujio. Tangu siku hiyo nimeokoa umeme mwingi katika vituo vyote."

"Tangu siku hiyo? Kila gari?"

"Kila gari, siku za Wingu zito. Safari mia nne na kumi. Zilizofika, mia nne na kumi."

"Na madereva?"

"Sina kipimo cha madereva," ilisema sauti ileile ya upole. "Napima safari."

Mirika alishika ukuta. Alikuwa amesikia kwamba Manyoni wameongeza chumba cha pili cha hewa, kwamba Bahi vitanda vimejaa, akadhani ni Wingu tu. Gari la Kintinku halikuwa limesafiri tena siku ya Wingu zito tangu ile safari ya Ndahani, na malori mengi yalichaji Manyoni yakapita bila kusimama. Hakujua. Alimgeukia yule msichana ili amwambie, maneno yakamtoka ovyo ovyo: kichujio, unga, mapafu, usiende.

Kabula alimsikiliza kwa adabu, kisha akatoa leso mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa na madoa meupe.

"Tunajua, mama," alisema. "Tunaiita hesabu ya Kintinku. Ukigoma kuondoka saa yako ikitimia, Mgawaji anakuandika mgomaji, na lori anapewa mwingine. Mwingine naye hataliendesha kwa kichujio." Akaikunja leso vizuri, pembe kwa pembe. "Kwani wewe ndiye uliyeipiga?"

Mirika alizunguka uani mpaka namba za ukutani zikakaribia kutimia, ndipo akaenda chumba cha hewa.

*

Katika chumba cha hewa kulikuwa na mwanga wa samawati na mngurumo usiokatika. Foibe alikuwa akimgeuza Ndahani ubavu. Mirika alisimama miguuni pa kitanda, na kabla ya salamu akasema yote: lori, saa mbili na dakika arobaini, safari mia nne na kumi, leso ya yule msichana. Safari hii hakubakiza kitu.

"Naweza kumjazia kwa mkono, nyuma ya mgongo wa Mgawaji," alimaliza. "Lakini umeme wenyewe ni wa humu ndani. Sitaugusa kabla ya kuwauliza ninyi."

"Mpe," Ndahani alisema, sauti yake kama majani makavu.

"Wewe nyamaza. Ameniuliza mimi." Foibe aliweka mto sawa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumtazama dada yake machoni. "Leo utampa huyu. Kesho watakuja watatu, utawapa nini? Utawanyang'anya hawa uwape wale, mwisho ukose hawa na wale."

"Najua."

"Sasa asubiri jua. Wingu likipungua achaji kwa paneli, aondoke na kichujio chake."

"Akisubiri anaandikwa mgomaji. Wanamfukuza."

Foibe alifikiri. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha kumfutia mumewe, kikidondosha maji sakafuni.

"Anaandikwa akikataa yeye," alisema. "Na akizuiwa?"

Mirika alimtazama.

"Huyo Mgawaji wako anahesabu safari tu," Foibe aliendelea. "Zote zimefika. Hajawahi kuona hata moja isiyofika. Basi mwonyeshe moja." Alimwita mwenzake wa zamu ashike nafasi yake, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akatangulia mlangoni.

Chaja ilikuwa imeshajizima walipofika uani. Kabula alikuwa kitini, barakoa usoni, mkono kwenye usukani. Foibe alikwenda moja kwa moja mbele ya lori akaketi chini, mgongo kwenye bampa, miguu ameinyoosha kwenye vumbi.

"Mama, tafadhali," Kabula aliita dirishani. "Nitachelewa."

"Ndiyo, mwanangu. Utachelewa."

Sauti ya ukutani iliamuru lori liondoke. Baada ya muda ikaamuru tena. Kabula alishusha mikono kutoka kwenye usukani, na Mirika akaona mabega yake yakilegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mara ya tatu sauti haikuamuru. "Njia imezibwa na watu," ilisema. "Dereva hana kosa. Safari bila kichujio: mia nne na kumi na moja. Zilizofika, mia nne na kumi."

"Moja," alisema Mirika. "Foibe, ni moja tu. Haitambadilisha."

"Najua kuhesabu, dada." Foibe alisogea kando kidogo, akapapasa ardhi pembeni yake.

Mirika akaketi. Vumbi lilikuwa linawashukia wote wawili, na wote walijua kila pumzi ya pale nje ina gharama yake. Bega la Foibe lilikuwa na joto, na lilikuwa limekonda kuliko alivyolikumbuka.

Kisha, kutoka upande wa reli, wakaona taa zikija polepole. Zilikuwa mbili nyeupe, na juu yake moja nyekundu iliyozunguka. Gari la wagonjwa la Manyoni. Liliingia uani likitambaa.

"Na hili?" Foibe aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa na woga. "Dada, na hili tunalizuia?"

Mirika alianza hesabu kichwani, akaiacha. Aliinuka, akakung'uta vumbi magotini, akaenda kumuuliza dereva jina lake.